Kimya Kilichotoka Siloni

Eliwaza binti Sefania alipomwona mchumba wake baada ya siku arobaini, moyo wake haukufanya lolote. Haukudunda wala haukushuka. Ulikaa palepale kifuani ukiendelea na kazi yake, kama mtu anayepepeta mahindi asiyetaka kuulizwa habari. Wasichana wa kwenye hadithi wangekimbia. Yeye alitua kwanza chungu cha makande, akaiondoa ngata kichwani, akajifuta vumbi usoni kwa upindo wa khanga, ndipo akatazama vizuri.

Tumainieli alikuwa amekaa chini katikati ya wanaume wa Chome, miguu ameikunja, mikono ameilaza mapajani, macho nusu yamefumbwa. Koti lake la jeshi lilikuwa limefifia rangi kwa jua la Same. Mbele yake na nyuma yake, kutoka karibu na reli mpaka usawa wa boma, walikaa wanaume wa Upare mzima: wa Mbaga, wa Myamba, wa Usangi, wa Ugweno, kila watu na mikeka yao. Walikuwa wameshuka milimani kuikataa kodi mpya ya mbiru, ile ambayo makarani wangeingia mpaka zizini na jikoni kwa mtu kumpimia alichonacho. Hawakuja na mikuki. Walikaa, wakasema hawainuki mpaka wajibiwe. Mengine ya serikali na kodi zake yana vitabu vyake. Sisi tunaye binti na mchumba wake, na hao wanatutosha.

"Umefika," Tumainieli akasema.

"Nimefika."

"Njia?"

"Njia ni ileile. Tulitoka Chome jogoo la kwanza, tukashukia Mwembe."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

Wanawake aliofuatana nao walikuwa wameshatawanyika, kila mmoja akimtafuta mumewe au kaka yake, na kelele za kusalimiana zilikuwa zimejaa uwanjani. Wawili hawa walikuwa wametangazwa kanisani Jumapili mbili mfululizo kwamba watafunga ndoa, na ungewakuta pale ungedhani wanangoja zamu ya kusaga kwenye mashine.

Haikuwa hivyo siku zote. Eliwaza alikuwa na miaka kumi na minane Tumainieli alipochukuliwa kwenda vitani, na siku ile alilia mpaka mama yake akaogopa majirani. Mwaka wa kwanza alimkumbuka kila siku ya Mungu. Mwaka wa pili alimkumbuka Jumapili, wakati wa kutoka kanisani, pale walipokuwa wakichelewa makusudi kwenye ngazi. Mwaka wa tatu alijikuta amepita nyumbani kwa kina Tumainieli akiwa na mzigo wa kuni, na amefika kwake, na hakugeuza shingo. Siku hiyo alikaa jikoni akijichunguza kama mtu anayetafuta jino linalouma, asilione. Halafu vita vikaisha, mwanaume akarudi, amekonda, ana kovu kutoka sikioni mpaka kwenye kola, na kila mtu akamwambia Eliwaza kwamba ana furaha. Aliitikia. Angefanyaje? Watu walikuwa wameshachinja mbuzi.

Wala yeye Tumainieli hakurudi kama alivyoondoka. Kijana aliyekuwa akipiga mluzi kutwa alirudi mkimya, na kila alfajiri alikuwa akitoka kwenda kukaa peke yake. Kwa bahati mbaya alichagua pembeni mwa mpungi, kile kimsitu cha ukoo ambako mafuvu ya mababu yaliwekwa zamani na watu wa kanisa hawatii mguu. Mama Rogathe, akienda kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, kufungulia maji ya zamu yake, akamwona pale chini ya miti, macho amefumba, hatingishiki. Kufika saa nne wazee wa kanisa walikuwa wameshaitana. Watu wetu wa Upare na kesi mnawajua. Ikikosekana hawalali vizuri.

Wakamuuliza kama alikuwa akiomba mizimu ya babu yake. Hapa ndipo alipokosea kijana wa watu. Angekubali tu, mambo yangeisha. Kosa la mizimu kila mtu analijua na adhabu yake inajulikana: miezi mitatu kutengwa na meza ya Bwana, unatubu, unapewa mkono, unarudi kuimba. Lakini Tumainieli aliulizwa kweli akajibu kweli. Alisema haombi mizimu, anakaa tu, kama alivyofundishwa na mtawa mmoja wa dini ya Buda kule kisiwani Siloni, upande wa Bara Hindi. Wazee wakatazamana. Kosa hilo halikuwa kwenye kitabu chao. Wakaita mchungaji, wakaandika barua kwamba asipotubu mbele ya watu anatengwa, na barua hiyo ndiyo iliyokuwa imekunjwa kwenye pindo la khanga ya Eliwaza.

"Wamenituma," alisema.

"Najua. Baba yako ameshaniambia. Tunakaa mkeka mmoja."

"Mnakaa mkeka mmoja na ametia sahihi?"

"Mkeka ni wa Chome," Tumainieli akasema. "Sahihi ni ya kanisa."

Mzee Sefania alikuwa hatua thelathini kutoka pale, anazungumza na watu wa Mbaga. Hakuwa ameangalia upande wao hata mara moja, na kwa hiyo Eliwaza alijua anawaangalia.

"Leo Ijumaa," akasema. "Jumapili ndiyo tangazo la tatu. Baba atapanda kesho, wenzake wamempa ruhusa kwa sababu ni mzee wa kanisa. Na wewe unaweza kupanda. Nijibu jambo moja kwanza. Unaiabudu ile sanamu yao?"

"Hapana. Namwomba Yesu kama unavyomwomba wewe. Labda nakuzidi, maana wewe wakati wa mahubiri ulikuwa unasinzia."

Alisema kwa upole, kama utani wa zamani. Eliwaza hakucheka, na mwenzake hakuonekana kutegemea acheke.

"Basi panda ukaseme hivyo hivyo."

"Hawataki hivyo. Wanataka nisimame mbele ya watu niseme yule mzee ni mtumishi wa shetani."

"Ni maneno tu, Tumaini. Yeye yuko ng'ambo ya bahari. Hatayasikia."

"Mimi nitayasikia."

Eliwaza akakaa chini. Alikaa pembeni ya mkeka, si juu yake, kama inavyompasa binti ambaye hajaolewa.

"Nieleze basi," akasema. "Umerudi tangu mwezi wa kumi na moja, hujaniambia kitu. Wazee umewaeleza kabla yangu."

Tumainieli alivuta pumzi, akaiachia polepole.

"Kule Burma kombora liliangukia handaki letu. Tulikuwa sita. Nikatoka mimi na hili kovu. Halafu nikawa sisemi. Si kwamba nilikataa. Mdomo ulikuwa hautoi kitu. Wakanipeleka hospitali ya jeshi Siloni. Miezi mitano. Nyuma ya hospitali palikuwa na hekalu lao, na pana kivuli. Nikawa natoroka wodi naenda kukaa pale. Yule mtawa alikuwa mzee, kipara, nguo ya manjano. Kila siku anafagia majani. Hakuniuliza jina wala kabila. Alinipa ufagio."

"Ufagio?"

"Tulifagia wiki tatu. Baadaye akanionyesha kukaa. Unakaa, unaihesabu pumzi, inakwenda, unaanza tena. Ikaanza kunisaidia. Nikawa naweza kulala. Nikadhani ndiyo dini yao nzima, kwamba mtu anakaa, anatulia, na shida za watu zinampita."

"Na siyo?"

"Siku moja nilikwenda sikumkuta. Nikamwona chini barabarani. Wagema mpira wa shamba la jirani walikuwa wamegoma, wanaume kwa wanawake, wamekaa njia nzima, naye amekaa nao. Amekaa vilevile kama anavyokaa hekaluni. Wakaja watu na virungu, wakampiga begani. Hakuinuka, hakumtukana mtu. Wakambeba, akafungwa siku kumi na nne. Alipotoka alikuja moja kwa moja kuchukua ufagio wake. Na mimi nikamuuliza, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza: mzee, wewe ni mtu wa utulivu, ugomvi wa wagema mpira unakuhusu nini?"

"Ulimuuliza kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Lile swali ndilo lilikuwa neno langu la kwanza baada ya miezi mitano. Akaweka ufagio chini, akaniangalia sana. Akasema akikaa kwa ajili yake peke yake, huko ni kupumzika tu. Anajifunza kutulia hekaluni ili aweze kukaa kule barabarani bila kumchukia anayempiga. Ndiyo hayo, Eliwaza. Ndiyo niliyokuja nayo hapa. Wanataka nimwite wa shetani."

Eliwaza alijua kwamba hapa ndipo msichana mwenye mapenzi angelia. Aliyangoja machozi kwa heshima zote. Alimtazama Tumainieli kovu, kola, vidole vilivyolala mapajani, akayangoja tena. Hayakuja, na badala yake akasikia uchovu, na ndani ya uchovu akakuta maneno ambayo hakuwa amepanga kuyasema.

"Mimi sioni utulivu wowote," alisema. "Mimi naona mtu aliyekufa ganzi. Tangu umerudi hujanishika mkono. Hujaniuliza miaka minne niliishije. Unakaa hapa na wanaume elfu mbili kwa sababu ni rahisi kuliko kukaa na mwanamke mmoja."

Alingoja akanushe. Wanaume hukanusha, na yeye alikuwa ameshatayarisha jibu la pili na la tatu.

"Ni kweli," Tumainieli akasema.

Eliwaza akaigeuza ngata mkononi.

"Ulipotua chungu nilikuona," akaendelea, sauti chini. "Nilijua ni wewe. Nilijua kwamba unapendeza, hata na vumbi. Lakini hapa ndani hapakusogea kitu. Yule mzee alinionya. Aliniambia kutulia na kufa ganzi kwa nje vinafanana, na mimi nijihadhari nisije nikakaa kwenye hicho cha pili nikajisifu. Nakaa na hawa watu kwa sababu nawapenda kwa akili. Nangoja sehemu nyingine ifuate. Nilitaka kukwambia kabla ya ndoa, nikaona nitakuumiza."

"Hutaniumiza," Eliwaza akasema. "Hata mimi."

"Hata wewe nini?"

"Hata mimi sisikii kitu. Tangu mwaka wa tatu."

Neno hilo alikuwa hajalitamka kwa mtu yeyote, si kwa mama yake, si kwa Mungu kwenye maombi, maana hata huko alikuwa akisema anamkumbuka mchumba wake kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Sasa limetoka, na dunia haikuanguka. Mbuzi wa mtu mmoja alikuwa anakula kamba karibu na reli.

Tumainieli aligeuka akamtazama. Tuseme ukweli, ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kumtazama tangu arudi. Siku zote nyingine alikuwa akimwangalia tu. Alimtazama macho, akashuka mdomoni, akarudi machoni, bila haraka, na Eliwaza hakuinamisha uso kama alivyofunzwa. Walitazamana hivyo kwa muda ambao ungetosha kuwatia mashakani mbele ya baraza lolote la wazee.

"Basi tuko wawili," Tumainieli akasema.

"Na tumeshatangazwa kanisani mara mbili."

Kitu kama kicheko kikamtoka mwanaume puani. Kilikuwa kidogo, kimekauka, lakini kilikuwa chake.

Saa kumi, kama ilivyokuwa desturi ya kila siku, wakaja tarishi na askari wanne kusoma amri ya kuwataka watu wote waende makwao. Tarishi alisoma. Watu wakakaa. Wazee wakaanza wimbo wa kitabuni, wa kwenda polepole, na vijana wa Chome wakafumba macho kama Tumainieli alivyowaonyesha. Askari wakapita katikati ya mikeka kurudi boma, na mmoja wao, kijana mwembamba ambaye buti zilikuwa zimemzidi miguu, akajikwaa kwenye chungu cha Eliwaza. Chungu kikalala ubavu. Makande yaliyotoka Chome kichwani mwa mtu yakamwagika mchangani.

Wimbo ukakatika. Kwa waliokuwa mbali ilionekana ni teke. Kijana mmoja aitwaye Fanueli alikuwa ameshasimama na jiwe mkononi, na nyuma yake wengine watatu, watano.

"Fanueli," Tumainieli akasema, bila kupaza sauti. "Pumzi."

"Amemwaga chakula cha mama zetu, kaka."

"Nimeona. Hesabu kwanza. Ukimaliza kumi na bado unataka kurusha, anza na mimi, niko karibu."

Fanueli akabaki amesimama. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Halafu akakaa, na wenzake wakakaa, na jiwe likabaki mkononi mwake bila kazi. Yule askari hakuwa ameondoka; alikuwa ameduwaa juu ya chungu.

"Nisamehe, dada," akamwambia Eliwaza, kwa sauti ambayo wenzake wasingeisikia.

"Yamebaki kidogo ndani ya chungu," Tumainieli akamwambia. "Umekula tangu asubuhi?"

Askari akatikisa kichwa, akaangalia nyuma, akaondoka haraka. Tumainieli akapiga magoti akaanza kuokota punje, mahindi upande mmoja, maharage upande mmoja, kama kwamba yangeoshwa yakafaa. Ndipo Eliwaza alipoiona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili, mpaka punje zikawa zinamponyoka. Sauti yake ilikuwa imetulia na uso umetulia, lakini mikono ilikuwa imekataa. Eliwaza akaweka mkono wake juu ya wa kulia akaubana. Ulikuwa wa moto, una vumbi. Hakusikia zaidi ya hapo, lakini hakuuondoa.

"Eliwaza. Mkono."

Mzee Sefania alikuwa amesimama juu yao, fimbo mbele, kofia kichwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkono."

Akauondoa. Tumainieli akajifuta mchanga, akainuka kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Sefania alivua kofia. Hakuwa mtu wa chuki, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. "Nimeona ulivyofanya sasa hivi. Na wiki iliyopita vilevile. Bila wewe damu ingekuwa imeshamwagika hapa, na sisi tungekuwa jela au kaburini. Nakushukuru mbele ya binti yangu. Hapa nakaa nawe, mvua na jua. Lakini kanisani sikai nawe, na nyumbani kwangu sikai nawe, mpaka useme walichokuandikia."

"Baba," Eliwaza akasema, "unayekaa naye hapa ndiye huyohuyo."

"Nyamaza kwanza." Akamgeukia Tumainieli. "Sikiliza, kijana. Mimi nilipobatizwa nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba yangu alikuwa mtu wa mpungi. Waliniambia nimkane yeye na mambo yake mbele ya watu, nikamkana. Alinifukuza. Akafa hatujasemeshana, na kumzika walimzika wengine. Nilimkana baba yangu mzazi. Wewe unashindwa kumkana mgeni wa Siloni?"

Tumainieli akamtazama mzee usoni.

"Na wewe ulitoka salama hapo, mzee?" akauliza.

Lilikuwa ni swali la upole, la mtu anayetaka kujua. Mzee Sefania akahamisha fimbo mkono wa pili. Alitazama milima, huko juu ambako mawingu yalikuwa yameshafunika kilele cha Shengena, akaitazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili.

"Jibu lako ni lipi?" akasema mwishowe.

"Sitapanda, mzee. Nikimwita yule wa shetani nitakuwa nimerudi kwenye ububu wangu, tofauti yake mdomo utakuwa unatikisika. Ila binti yako simwachi. Nataka hilo lisikike."

"Haliwezekani bila wewe kumkana." Mzee akamgeukia Eliwaza. "Umesikia mwenyewe. Keshokutwa nitasoma kwamba tangazo limefutwa, na wewe utasimama useme umevunja uchumba kwa hiari yako, ili jina lako libaki safi. Usiposema watakuhesabu pamoja naye, na mimi sitaweza kukutetea. Mwalimu Asheri bado hajaoa. Mama yake aliuliza habari zako wakati wa Pasaka."

Akaondoka, fimbo ikichoma vumbi.

Eliwaza alikusanya ngata na chungu. Wanawake walikuwa wanaitana kwenda kulala kwa ndugu zao wa pale mjini ili waondoke mapema. Alikuwa na dakika chache, naye alizitumia kukung'uta mchanga kwenye chungu ambacho kilikuwa hakina mchanga tena.

"Hutaniomba nikusubiri?"

"Ulishanisubiri miaka minne," Tumainieli akasema, "na mwisho wake ndiyo huu. Siwezi kukuombea adhabu hiyo mara mbili. Asheri ni mtu mwema. Hapigi watu na anajua kucheka."

"Ndiyo kusema niolewe na Asheri."

"Ndiyo kusema sina haki ya kukuzuia."

"Hilo sikukuuliza."

"Najua," akasema, na akamtazama tena kama alivyomtazama mwanzo. "Nenda, wanakuita."

Akaenda. Hakugeuka nyuma. Jumamosi alipanda mlima kutwa nzima nyuma ya baba yake, wakipumzika penye maji, wakigawana ndizi ya kuchoma, wakiambiana habari za njia. Kila mmoja alikuwa na lake, na hakuna aliyelitoa. Alipofika nyumbani alilala bila kuota.

Jumapili ukungu wa Shengena ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni mwa kanisa, na watu waliingia wakitokea kwenye weupe mmoja mmoja. Kanisa lilikuwa limejaa upande wa wanawake. Upande wa wanaume ulikuwa na mabenchi matupu, maana wenyewe walikuwa Same. Mchungaji alihubiri kwa ufupi. Kisha Mzee Sefania akasimama na karatasi, akavaa miwani.

"Tumainieli wa Naftali na Eliwaza wa Sefania," akasoma. "Tangazo hili limefutwa. Binti yupo, atasema mwenyewe."

Eliwaza alisimama. Maneno alikuwa nayo tayari. Alikuwa ameyarudia njiani kwa kila hatua, nimevunja uchumba kwa hiari yangu, mpaka yakawa laini. Mwalimu Asheri alikuwa benchi la mbele, ameinamisha kichwa kwa aibu ya watu wote, mtu mwema kweli. Mama yake Eliwaza alikuwa amemshika binti upindo wa khanga kwa chini, kama anayemsaidia kusimama.

"Sijavunja," Eliwaza akasema.

Baba yake akatazama juu ya miwani. "Sema vizuri, mwanangu."

"Nasema vizuri, baba. Sijavunja. Tumainieli hajaacha imani, nimemuuliza mwenyewe. Na yule mzee wa Siloni aliyemrudishia sauti, mimi pia sitamwita wa shetani. Kama yeye amefutwa, basi na mimi nihesabiwe naye."

Mchungaji akakohoa. Alisema, si kwa ukali, kwamba utaratibu unajulikana, na anayesimama na aliyetengwa hukaa na waliotengwa mpaka atakapotubu. Mama yake Eliwaza alikuwa bado ameshika upindo. Ikabidi Eliwaza auvute.

Benchi la waliotengwa lilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, halina egemeo. Kulikuwa na mzee mmoja aliyewekwa pale kwa ajili ya pombe, na Dorkas, ambaye alizaa na mtu asiyetajwa. Eliwaza alitembea kutoka mbele mpaka huko, katikati ya watu waliomjua tangu akinyonya, na kila uso aliopita uligeukia pembeni. Dorkas akamhamisha mtoto goti, akasogea. Eliwaza akakaa.

Kule mbele Mzee Sefania alikuwa ameanza tangazo la msaragambo, kazi ya pamoja ya kutengeneza ndiva, siku ya Jumanne. Alisoma mstari wa kwanza. Akausoma tena. Akausoma mara ya tatu, na hakuna aliyemsahihisha. Kisha akavua miwani akakaa, karatasi ikiwa bado mkononi.

Na Eliwaza, aliyekaa bila egemeo, akatazama mabenchi matupu ya wanaume. Aliliona la nne, pale kwenye nguzo, alipokuwa akikaa kijana mmoja mpiga mluzi ambaye alikuwa haachi kugeuka. Kitu kikamshika chini ya mbavu. Kilimshika kwa nguvu, bila kubisha hodi, mpaka akainama mbele na kukishika kifua kwa mikono yote miwili.

"Pole," Dorkas akanong'ona. "Amekuacha?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

Eliwaza alijaribu kujibu, akashindwa, akajaribu tena.

"Nimemkumbuka," akasema, na ilimuuma kulisema.